Nilivyomkatalia Bibi Panya Wake

Aibu hii nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu nafunika uso. Nilitoka Tanga kwa basi hadi Dar, nikapanda treni siku mbili hadi Tunduma, nikawa nabeba mizigo ya wafanyabiashara kuvuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, na huko nikampata Neema, binti wa Ileje, ambaye siku ya kwenda kujitambulisha kwao alinionya jambo moja tu: "Bibi akikupa chakula kwa mkono wake, pokea. Huo ndio uchumba wenyewe."

Njiani nikanunua maandazi yaliyofungwa kwa nusu ukurasa wa gazeti, na mimi (kidato cha nne, sipitwi na maandishi) nikasoma: kuna protini ya ubongo ambayo ikijikunja vibaya huigeuza iliyo salama ifanane nayo, nayo hugeuza nyingine, hadi chembe za ubongo zinakufa na ubongo unatoboka kama sifongo. Wataalamu wameyaona kwa panya. Hata ukipika, haifi. Hapo karatasi ikaishia.

Kufika, sebule imejaa wajomba na wazee wa kanisa, na bibi, mkono ukitetemeka, akaninyooshea sahani: panya wa shambani, wakavu, wamebanikwa vizuri kabisa. Ningesema tumbo linauma, yangeisha! Mimi nikasimama nikahutubia habari ya gazeti, protini moja baada ya nyingine.

Mjomba mmoja akaguna, "Kwa hiyo mama anatetemeka kwa sababu ya panya, mkwe?"

"Bila shaka," nikajibu, kwa sauti ya daktari. "Ubongo umeshatoboka."

Jamani! Nilisikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha. Mjomba wa pili, bwana mifugo mstaafu, akauliza taratibu, "Hao wa gazetini wataalamu waliwadunga ugonjwa kwa sindano, maabara. Hawa wetu nani kawadunga?"

Watu wakaangua kicheko, bibi hakucheka. Akautazama mkono wake. "Huu ulianza nilipomzika babu yake Neema," akasema, akaiweka sahani mapajani akaifunika.

Nikapiga magoti (mbele ya wote!), nikanyoosha mikono miwili. "Bibi, nipe, nakula, hata mikia nakula!"

"Hapana, mjukuu wangu. Nikikupa sasa, nitakuwa nakulisha sumu."

Neema akatoka nje bila kunitazama.

Kesho yake nikadandia lori la Zambia, na Tunduma sijarudi tena. Tangu hapo, jambo nikilijua nusu nanyamaza; na sahani ya mtu, napokea kwanza.