Kinyumenyume Kutoka Bukama

Nilipochumbiwa nilikuta gari limeshanitangulia. Lilikuwa gari la Kijapani la mashindano, la zamani, jekundu, lenye milango miwili na boneti ndefu kupita kiasi. Mwenyewe, mfanyabiashara wa kigeni, alilitelekeza mjini kwetu Kamina alipokimbia mwaka ule askari walipopora maduka. Mchumba wangu alikuwa fundi wa karakana ya reli, mtu aliyezaliwa na kukulia katika nyumba za reli. Alilisukuma mpaka uani kwao akaanza kulifufua. Kila nilipokwenda kumtembelea nilizungumza na miguu yake, maana mwili wote uliobaki ulikuwa chini ya gari. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, nimezoea kutazamwa ninapozungumza. Nilinuna, na Jumapili iliyofuata nilirudi tena.

Alilifufua kweli. Kabureta aliivua kwenye lori lililokufa, akayapanua matundu yake kwa tupa. Bomba la moshi alilichomelea kutokana na vipande vya chuma chakavu, na siku injini ilipowaka, kuku wote wa mtaa walihama. Lilikuwa na mbio za ajabu ambazo hatukuwahi kuziona, kwa sababu barabara zetu ni mchanga na tumbo la gari lilikuwa chini mno. Kisha vita vikaja. Wanajeshi walipita wakichukua kila gari lililoweza kutembea. Walipoliona letu, halina tairi hata moja, walicheka wakaenda zao. Mchumba wangu aliumia rohoni kwamba hawakulitaka.

Treni nazo zikasimama. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia, kwani tulikuwa tumeshapanga arusi, na mama yangu alikuwa Bukama, stesheni ya mbali kwenye reli hiyohiyo. Baba alikuwa amekwisha kufa; huyo mama ndiye niliyebaki naye duniani. Watu walinishauri nifunge ndoa tu, mama ataikuta. Niliwajibu kwamba bila mama siolewi, na wanaonijua walijua kwamba sitanii.

Mchumba wangu alizunguka stesheni siku kadhaa akizitazama reli. Kisha akaniambia, “Weye unataka mama. Barabara haiko. Lakini reli iko.”

Akalikata gari lake. Njia ya reli yetu ni nyembamba kuliko nafasi iliyo kati ya magurudumu ya gari, kwa hiyo ilibidi afupishe ekseli zote mbili na kuzichomelea magurudumu ya chuma ya kigari kimoja cha mafundi wa njia ya reli. Nilimwona akifuta jasho, au machozi, sikuuliza. Usukani haukuwa na kazi tena, lakini alikataa kuung'oa. Mkuu wa stesheni alitupa ruhusa kwa sharti kwamba aalikwe arusini, akapiga simu ya reli mpaka Bukama kuhakikisha njia iko wazi.

Lililobaki lilikuwa suala la kiti. Kwetu Waluba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Si chuki, ni heshima, na mama yangu aliishika kuliko maaskofu wanavyoishika dini. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Sasa waingie majani gani ndani ya gari dogo kama sanduku? Mchumba wangu akaondoa kioo cha nyuma, akafunga pale, juu ya buti, kiti cha mbao kinachotazama nyuma, ili yeye na mama wapeane mgongo. Kioo kidogo cha ndani, cha kumwonyesha dereva yaliyo nyuma, akakifunika kwa kitambaa. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Tulikwenda Bukama kwa mwendo ambao sijaupata tena maishani. Upepo uliingia kila upande, chuma kikaimba juu ya chuma, na mchumba wangu alizungusha usukani kwenye kila kona ingawa haukugeuza kitu. Nilipiga kelele za furaha kama kichaa. Vita vilikuwepo, njaa ilikuwepo, na mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma.

Tulipofika, mama akatoka na mizigo yake ya samaki wakavu, amejifunika kanga mpaka machoni, akapanda kiti chake bila kumtazama mtu. Mchumba wangu akashika usukani. Akatazama mbele. Mbele kulikuwa daraja la mto Lualaba, na ng'ambo yake njia ya kwenda Luena. Kamina ilikuwa nyuma yetu.

“Ee,” akasema.

Mtu wa reli ndivyo alivyo. Tangu utoto ameona injini zikigeuzwa stesheni, kwa hiyo alidhani gari nalo litageuzwa hivyohivyo. Lakini njia ya kugeuzia pale ilikuwa imejaa mabehewa yaliyokwama tangu treni zisimame. Tuliita wanaume wa sokoni waliinue tuligeuze. Walipolinyanyua kidogo, bodi ikaanza kulia kama inapasuka, wakaliachia. Gari la mbio, na gia zake zote za mbio, likabaki na gia moja tu ya kutufaa.

“Tutarudia nyuma,” mchumba wangu akasema. “Tutarudia nyuma mupaka Kamina.”

Basi fikiria. Dereva hathubutu kugeuka asije akamtazama mama, anatazama boneti yake, mikono kwenye usukani usio na kazi, huku gari linakwenda kule asikokuona. Anayeiona njia ni mama. Na mama hasemi naye.

“Ambia bwana yako apunguze,” mama aliniambia. “Kuko kona.”

“Punguza, kuko kona,” nikamwambia aliyekuwa amekaa kiwiko kwa kiwiko nami, na aliyekuwa amesikia vizuri kabisa.

“Ambia mama nimepunguza.”

“Mama, amepunguza.”

“Nimeona.”

Tulisafiri hivyo kwa saa nyingi. Gia ile ilipiga mayowe, na kwa kuwa rejeta haikupata upepo, injini ilichemka kila mara tukasimama kwenye vijito kuchota maji. Kila tuliposimama, mchumba wangu alishuka upande mmoja na mama akatazama mwingine. Mimi katikati nilichoka kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Jua likanilemea, nikasinzia.

Niliamshwa na sauti ya mama, sauti ya kuita watoto kutoka mtoni.

“Weye! Kanyaga freni! Kuko muntu!”

“Ndiyo, mama!” mchumba wangu akaitika.

Chuma kikalia, cheche zikaruka, nikagonga paji la uso. Tuliposimama, mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baisikeli katikati ya reli, kuku wananing'inia kwenye usukani wake, alikuwa karibu kiasi kwamba mama angeweza kumsalimia kwa mkono. Akamsalimia.

Ndipo nikang'amua. Walikuwa wamesemeshana. Nilijua mama akikasirika atashuka palepale atembee kurudi Bukama, arusi ife. Mchumba wangu akashuka, akanunua kuku mmoja mweupe, akarudi kinyumenyume, uso wake kwenye majani, akaunyosha nyuma mkono ulioshika kuku. Kwetu, heshima iliyovunjika huoshwa kwa zawadi.

Mkono wake ulikaa hewani muda mrefu. Kisha kuku akapokelewa.

“Panda,” mama akasema, na hakuwa anasema nami. “Giza isitukute.”

Tangu pale nilikaa kama abiria. Mama aliamuru, yeye akaitika, na walielewana kuliko mimi nilivyowahi kuelewana na yeyote kati yao.

Kamina ilikuwa haijasikia kitu juu ya reli kwa miezi. Watu waliposikia mngurumo walikimbilia stesheni wakidhani treni imerudi. Wakaona gari jekundu linaingia matako mbele, na juu yake mama yangu ameketi kwenye kiti, kuku mapajani, anapunga mkono. Mkuu wa stesheni alimsaidia kushuka, akamuuliza kama kweli amesafiri na mkwe wake.

“Mukwe gani?” mama akasema, akimtazama mchumba wangu usoni mbele ya watu wote. “Huyu ni mutoto yangu. Yeye njo alinileta.”