Rangi Mkononi mwa Baba

Kwetu, upande wa Songwa, ng'ombe hawakuhesabiwa. Walitazamwa. Jioni baba alisimama kwenye mlango wa zizi na kundi likapita mbele yake: mweupe mwenye masikio meusi, wa rangi ya majivu mwenye mstari mgongoni, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Rangi moja ikikosekana, alijua kabla mlango haujafungwa. Mimi, na darasa langu la saba, nilikuwa nahesabu kwa vidole, naye alinicheka kweli kweli.

Katikati ya miaka ya sabini mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Akaficha. Nikawa nasimama ubavuni mwake nikimnong'oneza kila rangi inayopita, na ole wangu niseme tu, "Ana madoa."

"Madoa yapi? Makubwa, au kama ya kanga? Yanaanzia wapi?"

Kwa ukali huo ndipo nilipojifunza kutazama.

Habari zikamfikia baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja. Katika ukoo wetu asiyeona rangi hasimamii kundi. Ng'ombe wangehamia kwake, na baba angebaki kama mgeni kwenye boma lake mwenyewe. Alikuja saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, akiswaga mtamba aliyemnunua mnadani, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

"Mhola, kaka?" alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mhola duhu, salama tu."

"Niambie huyu yukoje. Na binti anyamaze."

Siku ile nilimchukia. Baba alisogea taratibu, akaweka kiganja begani kwa mtamba, akakitelezesha. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikafuata ukingo nisioamini kwamba anaujua.

"Hapa pamoto," alisema. "Hapa pamepoa. Ni baka jeupe, linashuka hadi tumboni, halafu linagawanyika. Shingoni kuna jingine, dogo, kama jani."

Yote yalikuwepo, hata lile jani. Mwili ulinisisimka. Miaka yote nilidhani rangi ni kitu cha macho tu, kumbe jua lilikuwa linapasha kila baka kwa namna yake, na baba alikuwa anayafahamu hayo siku zote bila kutuambia. Nilitamani kupiga magoti palepale kwenye samadi.

"Na kwingine kote?" aliuliza baba mdogo.

"Mweusi. Mweusi tii."

Mtamba yule alikuwa mwekundu, wekundu uliokolea kama ini, na joto lake mkononi halikuwa na tofauti na la mweusi. Nilimgeukia baba mdogo. Alikuwa ameukodolea macho mkono wa kaka yake, fimbo imemwanguka miguuni.

"Mweusi tii, kaka," alisema. "Umemwona."

Akamwacha mtamba zizini kwetu, akaenda zake. Na hadi baba alipofariki, yeyote aliyethubutu kumwita ng'ombe yule mwekundu, baba mdogo alimkaripia mbele za watu.