Mwezi Tuliouona Nje ya Ukuta

Subira yangu iliishia mlangoni kwa shekhe wa mtaa wetu, nje ya ukuta wa Maskati, magharibi ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Dada yako kwapani, mwanangu, nimefuturu kwa tende moja tu.

Nalikuwa darini nnaanua winda za dada yako, bado mchanga, nikauona mwezi, mwembamba, juu ya mlima. Nikamwita jirani yangu, Bi Zuwena. Naye akauona. Tukaenda kwa shekhe, maana yeye ndiye aliyekuwa akipeleka khabari kwa kadhi ndani ya ukuta, na kadhi ndiye aamuaye kesho Idi au saumu.

Hata hakusimama. "Nyinyi wa Unguja mmeshachoka kufunga," akasema, na barazani watu wakacheka. "Rudini jikoni."

"Shekhe, lango bado li wazi. Tuma mtu."

"Mwezi wa wanawake siupeleki kokote, binti."

Hapa nikwambie kosa langu, kwani nasaha bila ya kosa ni maringo. Mwaka wa nyuma niliuona vilevile, nikanyamaza. Ndiyo kwanza tumefika, babako yuko Kuwait anatafuta kazi, nikajiona mgeni hana sauti. Nikafunga siku ya Idi, na kufunga siku ya Idi ni haramu. Haya ile haijanitoka.

Basi nikamjibu: "Shekhe, macho yangu sikuyaacha Unguja."

"Wala mimi yangu!" akadakia Bi Zuwena, na bibi yule alikuwa na sauti.

Tukawasha taa, maana bila ya taa askari hawakupitishi, tukaingia kabla lango halijafungwa. Mlangoni kwa kadhi nikachana karatasi ya daftari nikaandika mashitaka kwa Kiarabu. Skuli nilisomea nini?

Kadhi akasoma mara mbili. Akatuuliza mmoja mmoja: pembe zimeelekea wapi, kulia au kushoto ya mlima. Kumbe alikuwa na shahidi mmoja tu, mwanamume wa Matrah, na mmoja hatoshi. Sisi wawili tukamkamilisha. Asubuhi ndani na nje ya ukuta watu wakaswali Idi, shekhe wetu safu ya mbele. Nikampelekea sahani ya tambi. Akala.

Mwanangu, mwenye macho haambiwi tazama, lakini akishatazama na aseme. Anayekufungia mlango usimtukane; mpite, nenda kwa aliye juu yake, andika, tia jina lako. Mungu akupe ulimi usiotetereka, na akuandamishie miezi mingi ya kheri.

Nilichoandika ni hiki:

"Kwa Kadhi, baada ya salamu. Sisi wanawake wawili tumeuona mwezi leo kwa macho yetu. Shekhe wa mtaa hakutuuliza wapi wala vipi. Ametukataa kabla ya kutusikia. Kuupokea ushahidi au kuukataa ni kazi yako, si yake. Tunamshitaki kwa hilo tu. Kama tumekosea, tuambie wewe. Tupo mlangoni kwako na mtoto mchanga. Tunaomba tuulizwe."