Mkono Alioinua Mume Wangu

Mume wangu ni mchora mabango. Kinyozi akitaka kichwa juu ya mlango wake, fundi viatu akitaka kiatu, humwita yeye. Lakini nyumbani, kwa miaka kumi na mitatu, amekuwa akinichora mimi nikiwa kwenye cherehani, kwa mgongo, futi imening'inia shingoni. Picha ile ile moja, anaifuta na kuirudia. Alitaka siku moja aitwe msanii, si "yule wa mabango". Hakuna kingine alichokitaka duniani, nami nililijua hilo kabla yake.

Tulipohamia mji huu tulikaa miezi minane bila mtu kutupigia hodi. Watu si wabaya, ila kila mtu na lake. Siku moja akasema, "Mama watoto, tukingoja kukaribishwa tutazeekea mlangoni. Tuwakaribishe sisi."

Nikacheka. Mgeni kumkaribisha mwenyeji! Lakini alipita nyumba hadi nyumba, akaazima ghala tupu la saruji, akapaka kuta chokaa peke yake mpaka kope zikawa nyeupe. Yatakuwa maonyesho ya picha ya mtaa mzima, akasema, aliyesomea na asiyesomea.

Watu wakaitika kupita kiasi. Zililetwa picha tisini, na kuta zinabeba hamsini. Ikabidi iundwe kamati ya kuchagua: yeye, mwalimu mstaafu, muuguzi wa zahanati na mwenye studio ya picha. Mume wangu, kwa uungwana wake usio na breki, akapendekeza majina yote yafunikwe kwa karatasi, pasiwe na upendeleo. Alijipalia makaa mwenyewe.

Nilikuwa nawamiminia chai ilipoinuliwa ile picha aliyonichora kwenye cherehani. Mwalimu akavaa miwani, akavua.

"Hili nalo si bango la fundi cherehani?"

Mwenye studio akaangua kicheko. "Na huyu mama hana hata uso! Mchoraji pua imemshinda, au?"

Wakacheka, kicheko cha watu wema waliochoka. Mwalimu akauliza, "Wanaoikataa?" Mkono wake ukapanda, wa mwenye studio, wa muuguzi. Nikamtazama mume wangu, birika mkononi. Maneno mawili tu yangetosha: ni yangu. Kura tatu zilikuwa zimeshamaliza kazi, mkono wa mume wangu haukuhitajika hata kidogo. Akatazama meza. Kisha akauinua, na kutabasamu akatabasamu nao.

Maonyesho yalifana, sitasema uongo. Alisimama mlangoni siku mbili akipeana mikono mpaka sauti ikakauka. Sasa kila asubuhi nasalimiwa na mtaa mzima, na kila salamu inanichoma.

Jumatatu alirudi na picha imefungwa kwa gazeti, akaiegemeza kwenye mguu wa cherehani.

"Usinune, mama. Ningesema ni yangu, wangeona najipendelea. Na shughuli yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza."

"Ungenyamaza tu, ukaacha mkono mapajani."

"Wote walikuwa wameinua."

Nikasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Karatasi ilifunika jina lako, baba. Mgongo wangu haukufunikwa. Au hukunijua?"

Akakwangua rangi iliyokauka kwenye kucha.

"Nilikujua," akasema.