Dirisha la Rangi

Tangu usichana wake, Hester Thirkell aliosha madirisha ya jumba la Aldersby, hata lile ambalo si dirisha. Enzi za kodi ya madirisha, Uingereza ilipotoza kila nyumba kwa idadi ya madirisha yake, wenyewe waliliziba kwa matofali, wakachora juu yake vioo vyeusi na fremu nyeupe ili nyumba isionekane chongo. Sheria ya majumba ya kale inakataza kulizibua.

“Bi Thirkell, unasugua ukuta?” Bwana Lascombe, mmiliki mpya wa jumba, alimcheka kutoka chini ya ngazi.

“Mama aliliosha, na bibi pia. Wewe shika ngazi, acha maneno.”

“Haya, basi nisalimie aliyemo!”

Hester akasonya. Hawa wanaohamia kutoka London, midomo tu.

Asubuhi ile vioo vingine vyote vilikuwa vikavu. Hivi vya rangi vilikuwa na ukungu, kama mtu amevihemea. Akapitisha kitambaa. Ukungu haukutoka. Akasugua kwa nguvu. Wapi!

“Kuna nini huko?” Lascombe aliuliza.

Hester akasogeza uso karibu. Ukungu ulikuwa kwa ndani, na huko ndani kidole cha mtu kilikuwa kinaufuta taratibu, kikitengeneza tundu la kuchungulia.