Marehemu Aliyeitwa Shahidi

Tarehe 9 Mei 1934, Jumatano, nilikuwa nikianika wimbi mbele ya nyumba ya mwalimu, si mbali na Sosiot, shemeji wa jirani yangu alipoingia uani akiwa amebeba kibuyu cha mursik. Nilikuwa nimeishi pale miaka sita, na kwa miaka yote hiyo mtu yule hakuwahi kunisalimu. Kwake nilikuwa mgeni wa kutoka ziwani, mjane wa karani wa kampuni ya chai, mwanamke aliyepitia chuo cha ualimu cha misheni akatoka na viatu. Maziwa yale yalinitia shaka kabla hajaketi.

"Mwalimu," alisema, "kesho baraza litakaa, na karani wao anaumwa. Nina karatasi, na karatasi inataka mdomo."

"Inasema nini?"

"Maneno ya Mzee."

Sikuhitaji kuuliza mzee yupi. Ni yule aliyepatanisha koo, akaketi na Serikali ilipoingia, wakakubaliana jinsi kesi zetu zitakavyosikizwa. Alizikwa kabla sijafika pale, lakini sikupata kuhudhuria kesi ambayo yeye hakuitwa shahidi. Mwenye ng'ombe alisema Mzee aliagiza hivi. Mdai wake akasema Mzee aliagiza vile. Nilikuwa nimeanza kushuku kwamba marehemu alisema mengi zaidi kaburini kuliko alipokuwa hai.

Kesi yenyewe niliijua. Jirani yangu, ajuza tuliyemwita Kogo, yaani bibi, hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alifuata desturi ya Wakipsigis: akatoa ng'ombe wa mahari, akaoa msichana, ili watoto wa msichana huyo wawe wa nyumba ya marehemu na nyumba isizimike. Sasa msichana alikuwa na mimba ya miezi saba. Shemeji alitaka baraza liitangaze ndoa ile batili, naye achukue shamba na mifugo. Msichana angerudishwa kwao na mimba yake.

Nilikubali, na kesho yake nilisoma mbele ya baraza. Chuoni tulifundishwa kusoma kwa sauti tukiwa tumesimama wima, kila neno likipewa uzito wake, kama tusomavyo Maandiko kanisani. Nami sikujua namna nyingine. Karatasi ilisema Mzee alikataza wanawake kuoa wanawake, na kwamba shamba lolote linalopakana na chai lisiachwe mikononi mwa mjane asiye na mwana. Nilipomaliza, wazee kadhaa walikuwa wameinamisha vichwa kana kwamba wanaombewa.

Sauti ikatoka nyuma ya ua, walikoketi wanawake. Ilikuwa ya Kogo.

"Chai gani? Mzee alikufa hapa pakiwa msitu na nyati! Au siku hizi maiti wanachuma chai?"

Vijana wakaangua kicheko. Mzee mmoja akajifunika mdomo kwa blanketi.

"Nani amempa mama huyu nafasi?" akauliza mwenyekiti.

"Nimejipa mwenyewe, mume wangu hayupo wa kunipa!"

Mimi nilikuwa nimesimama, karatasi mkononi. Nilikuwa nimelisoma neno lile kwa ufasaha, wala sikulisikia. Yeye ambaye hajui herufi moja ndiye aliyelisikia.

Shemeji hakubabaika. "Mzee aliona mbali," alisema. "Alijua chai inakuja."

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu niliona vichwa vikikubali. Ikiwa marehemu aliona kila kitu, basi hakuna neno lisiloweza kutiwa kinywani mwake. Nikataka kunena, lakini mwenyekiti akaniwahi kwa upole: "Mama mwalimu, karatasi imemaliza. Nawe umemaliza." Uamuzi ukaahirishwa hadi kikao kijacho.

Wiki zilizofuata niliwashuku wote: shemeji, mwenyekiti, hata karani na ugonjwa wake, kwani nilimkuta sokoni Jumamosi ya wiki ileile ya kesi akila muwa. Zaidi nilijishuku mwenyewe. Kibuyu nilikirudisha kikiwa kitupu; maziwa nilikuwa nimeyanywa. Tena nyumba niliyolalamo ilikuwa ya shule, na shemeji alikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Nililipima jambo hilo siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwishoni mwa Mei niliandika barua hii kwa baraza:

"Wazee waheshimiwa, mimi ndiye niliyewasomea karatasi ile. Sikushuhudia ikiandikwa, wala simjui aliyeiandika. Inataja chai, na ninyi mliomzika Mzee mnajua kama siku hiyo palikuwa na mche hata mmoja. Uzito mliousikia ulikuwa wa sauti yangu. Naomba msiuhesabu kuwa ushahidi. Mzee alichosema kweli sikijui. Kama hapa yuko aliyemsikia kwa masikio yake, aseme mbele ya Kogo, na Kogo aruhusiwe kumjibu. Mimba ya nyumba ile imekaribia siku zake. Nawasihi mkae kabla mtoto hajazaliwa, mama yake ajue atajifungulia wapi."