Ful Opsheni ya Mama Mkwe

Mimi sikusoma. Darasa la nne niliacha, nikaenda Moa kununua samaki na kuwaleta mjini kwa baiskeli. Leo nina malori, nina nyumba Mabawa, na waliosoma wananipigia simu wakitaka kazi. Mama mkwe wangu haoni hayo. Watu wake ni Waarabu wa zamani wa Tanga, wenye mashamba na maduka, na kwao mimi ni mchuuzi wa samaki tu. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kuweka mguu kwenye gari yangu. "Nitapanda taksi," husema, "nguo zangu zisije zikanuka."

Ilipokaribia arusi ya mpwa wa mke wangu, niliapa: bibi huyu ataenda ndani ya gari yangu, na mji utamwona.

Nikaenda yadi ya magari. Shemeji, kaka wa mke wangu, akajileta bila kualikwa.

"Chukua ya dizeli, shemeji. Si wewe mtu wa malori?"

"Dizeli ibebe saruji. Hii ya familia, nataka petroli, injini iwe kama haipo."

Muuzaji akatuonyesha gari tatu za aina moja, ndefu, safu tatu za viti, tofauti ni daraja tu. Ya chini na ya kati viti vya kitambaa. Ya juu, ful opsheni: viti vya ngozi na vioo vya nyuma vyeusi tii.

"Ya kati inakutosha," shemeji akacheka puani. "Ngozi na samaki wapi na wapi?"

"Kitambaa ndicho kinachoshika harufu. Ngozi unafuta. Utajuaje, nawe hujabeba kitu maishani ila funguo za duka la babako?"

Nikachukua ya juu.

Siku ya arusi nikaileta mlangoni kwa mama mkwe. Nikamwamkia, akaitikia akitazama gari, si mimi. Akaingiza kichwa ndani, akanusa. Mbele yangu! Kisha akagonga kioo cha nyuma kwa pete yake.

"Mtu akikaa huku anaonekana?"

"Haonekani, mama," shemeji, aliyemsindikiza mlangoni, akajibu kwa furaha.

"Basi napanda."

Kumbe amekubali kwa sababu ya giza! Ful opsheni yangu mwenyewe inamfichia aibu, na aibu yenyewe ni mimi.

Nikaendesha hadi Ngamiani, penye maduka ya jamaa zao, watu wamejaa barazani. Nikapunguza mwendo, nikabonyeza swichi za mlangoni kwangu. Vioo vyote vikashuka, nikavifunga kwa kitufe changu visipandishwe nyuma.

"Pandisha, we!"

"Joto, mama."

"Joto gani, na hicho kiyoyozi?"

Duka la kwanza walishamwona. "Shikamoo, bibi!"

Mtu mzima hawezi kuamkiwa akanyamaza. "Marahaba," akasema akiuma meno. Nikazidi kwenda polepole. Baraza moja baada ya nyingine wakamwamkia, naye akaitikia salamu zote, na kila aliyeinama kumwamkia alimwona aliyeshika usukani.